Besi la Dumila, Besi la Mgeta

Mashoga zangu, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: ilikuwaje mkaondoka wawili mkarudi watatu? Mmoja aliniuliza nikiwa nampima gauni, mwingine sokoni katikati ya watu, na kila mmoja nilimpa kipande chake kulingana na hasira niliyoamka nayo siku hiyo. Sasa vipande vimeanza kugongana. Naandika yote mara moja, mpitishiane, kisha tuongee mengine.

Mnamjua Rajabu, mume wangu, ni mpiga besi. Gitaa alilokuwa anatumia ni la bendi. Shingo yake ilipasuka siku nyingi ikafungwa waya, na dansi likifika katikati gitaa lilianza kupoteza sauti mpaka wachezaji wanageuka kumtazama. Zamani usingefanya lolote, maana hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Lakini sasa ni ruksa, maduka yamejaa, watu wanaleta vitu kutoka Dubai, na kiongozi wa bendi akamwambia Rajabu atafute gitaa la maana, la sivyo bendi itatafuta mpiga besi mwingine. Hayakuwa maneno matupu. Jamaa mmoja wa Kihonda alishaanza kuja mazoezini, anakaa karibu na spika na kutazama mikono ya mume wangu.

Rajabu akaniambia kuna magitaa mawili anataka kuyalinganisha. Moja liko Dumila kwa mfanyabiashara. La pili liko juu Mgeta, kwa Felista. Jina hilo alilitaja huku anajikuna shingo.

Felista nilikuwa namjua kwa kusikia. Aliimba kwenye bendi tangu kabla mimi sijaolewa. Mume wake, marehemu Benedikti, ndiye aliyemfundisha Rajabu kupiga besi. Benedikti alipofariki kwa maradhi, Felista alirudi kwao milimani na gitaa la mumewe, akalima kabichi. Hayo tu. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumfuata Rajabu kwenye mambo ya muziki, hata ukumbini sikuwa naenda. Safari hii nikamwambia, "Baba Zena, tunakwenda wote." Mtoto nikampeleka kwa mama yangu, cherehani nikaifunika.

Dumila

Duka la Bwana Hamisi liko karibu na njia panda, limejaa thermosi, mablanketi yenye picha za simba, na redio zilizowashwa zote kwa pamoja. Alitupokea kwa furaha. Akamshika mkono Rajabu, akanigeukia.

"Karibu shemeji. Wewe ndiye Felista?"

"Mimi ni mke wa Rajabu," nikasema.

"Samahani sana. Kila akija hapa ni besi la Felista hivi, besi la Felista vile. Nikajua ni mama wa nyumbani."

Rajabu akajifanya anasoma maandishi ya kwenye thermosi.

Bwana Hamisi akatoa sanduku refu jeusi, ndani lina kitambaa chekundu laini kama kile cha viti vya maharusi. Gitaa lilikuwa la rangi ya maziwa yaliyokaa, na shingo ya manjano. Nikasema hilo mbona limetumika. Akacheka. "Shemeji, hili halijapigwa hata dansi moja. Limeundwa juzi tu, Japani. Ila wamefuatisha yale ya zamani, ya wakati wazee wanaanzisha bendi. Skrubu, vifuniko, kila kitu. Wamegundua yale ya zamani yalikuwa na sauti kuliko ya siku hizi, ndiyo wanayaunda upya. Hata hiyo vanishi wameitia umanjano makusudi, ionekane imekula miaka."

Nilishangaa kweli. Sisi tumeacha juzi kuvaa viraka, mtu akipata shati jipya anaacha kibandiko kionekane, na huko nje kuna watu wanataka kitu kipya kifanane na kizee.

Rajabu hakuwa anasikiliza. Alijifuta viganja kwenye suruali kwanza, ndipo akalishika. Akapitisha kidole gumba nyuma ya shingo, polepole, juu mpaka chini. "Nene," akasema. "Shingo ya duara kabisa. Ya Felista ni nyembamba." Kisha akaegemeza shavu kwenye ubao, akapiga uzi mmoja, akafumba macho. Umeme hakuunganisha, alikuwa anasikiliza mti wenyewe. Mimi nilisimama pale na mkoba wangu. Namna ile ya kufumba macho naijua, na nilidhani ni mimi peke yangu ninayeijua.

Bwana Hamisi akakubali tulichukue kwa siku chache tukalilinganishe, tukamwachia redio kaseti yetu kama dhamana. Habari za bei siandiki.

Tulikula wali na maharage kwa mama mmoja mwenye kibanda pembeni ya barabara. Viti vilikuwa vitatu. Rajabu akaliweka sanduku kwenye kile cha kivulini, yeye akakaa katikati, mimi nikala nusu ya mwili iko juani. Mama wa kibanda aliniangalia, akaniongezea mchuzi bila kuombwa. Wakati wa kurudi basi likapasuka tairi karibu na Dakawa. Abiria tulishuka tukakaa kwenye nyasi, na mume wangu akavua kofia yake akaliwekea sanduku upande wa jua. Nikamuuliza kama na mimi nina vanishi. Hakunielewa.

Mlali

Kesho yake tukachukua gari hadi Mlali, na hapo tukapata lori la mboga linalopanda Mgeta kufuata kabichi. Nyuma lilikuwa na matenga matupu na akina mama waliokuwa wanarudi kutoka sokoni. Kwa sababu ya vumbi nilikuwa nimelifunga sanduku kwa shuka langu jeupe, nikalikaza vizuri na kamba.

Tulipopanda, akina mama wakanyamaza. Wakasogeza matenga, wakatupa nafasi nzuri nyuma ya kibanda cha dereva. Bibi mmoja, baadaye nikajua anaitwa Bibi Kolastika, akanishika mkono.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana."

Nikajua pole ya safari. Nikamwambia tumeshapoa. Lori likaondoka, na injini ile ilikuwa na kelele kiasi kwamba tulizungumza kwa kusogezeana masikio. Bibi akaelekeza kidevu kwenye sanduku. "Umri gani?"

"Mpya kabisa," nikamwambia. "Hata mwaka haujaisha."

Akatikisa kichwa kwa uchungu. Nikaona huyu bibi anapenda vyombo vya muziki. "Na mnakwenda kuweka wapi?"

"Huko juu. Kuna lingine huko, la siku nyingi kidogo. Baba yake Zena anataka yakae pamoja, ndiyo roho yake itulie."

Bibi Kolastika akatoa rozari. Akina mama wengine wakaanza kusali naye kwa sauti ya chini. Mmoja akafungua kikapu, akatupa magimbi ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, na mwingine ndizi. Nikamnong'oneza Rajabu kwamba watu wa milimani wana roho nzuri sana. Yeye alikuwa anakula.

Tulipoanza kona za mlimani lori likaruka shimo. Sanduku likagonga ubao, na kutoka ndani ukatoka mlio mzito, mrefu, ukakaa hewani. Sala ikakatika. Mama mmoja akarudi nyuma mpaka akakaa ndani ya tenga. Rajabu akaweka kiganja juu ya shuka, akasema, kama mtu anayejisemea, "Uzi umelegea."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nililifungua shuka kwa haraka, nikafungua sanduku, nikawaonyesha. Nikasema hakuna mtoto aliyekufa, ni gitaa. Bibi Kolastika akatazama muda mrefu kile kitambaa chekundu.

"Magimbi kuleni tu," akasema mwishoni. "Lakini sala zangu zote hizi nimempelekea nani?"

Rajabu akasema, "Msalieni Benedikti, bibi. Mume wa Felista." Wakamjua. Wakaanza upya, kwa ajili ya Benedikti, na mimi nikageuzia uso njiani, maana niliona wote walivyolipokea jina la Felista kwa upendo.

Kwa miguu

Lori halikufika. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha udongo barabarani, na dereva akasema atasubiri wenye majembe. Akina mama wakashika njia zao za mkato. Sisi tukapanda kwa miguu, Rajabu kajitwika sanduku kichwani, mimi na mkoba. Ukungu ulikuwa unashuka kwenye matuta ya njegere, na baridi nikaisikia kwenye meno. Wakulima walituamkia kutoka juu ya mashamba, huoni mtu, unasikia sauti tu.

Nilipoona amechoka na hawezi kukimbia nikamuuliza.

"Baba Zena. Huyu Felista ulimtaka?"

Akatembea kidogo. Sanduku lilikuwa linamziba uso.

"Kila mtu kwenye bendi alimtaka," akasema. "Na mimi nilikuwa mmoja wa kila mtu."

"Na yeye?"

"Yeye alimtaka Benedikti."

Nilitegemea atakana, tugombane, yaishe. Jibu la kweli sikuwa na pa kuliweka. Nikapanda nalo mlima.

Kwa Felista

Njiani nilikuwa nimeshamtengeneza kichwani: mrembo, kucha ndefu, macho ya kuzungusha. Nikajiandaa kwa huyo. Tuliyemkuta alikuwa amevaa buti za mpira na koti la kiume, anapalilia kabichi, na tope limemfika magotini. Mtu mzima, ananizidi miaka ya kutosha. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikitaka Rajabu asikie kwamba huyu ni mtu wa kuamkiwa.

"Marahaba," akaitikia, akatabasamu. "Karibu, mke mwenzangu."

Nikageuka kumtazama Rajabu kwa jicho ambalo mnalijua. Akaruka haraka, "Ni kwa sababu ya Benedikti. Tuliitana ndugu. Kwao wake za ndugu ndivyo wanavyoitana."

Labda. Ila kilichonikata siyo neno. Ilikuwa ile sauti. Mashoga zangu, mwanamke yule akikukaribisha tu, hajaimba, unataka aendelee. Nikaelewa kwa nini bendi nzima ilimtaka, na kuelewa hakukunisaidia.

Nilitafuta ubaya. Nilifikiri, hawa ni Wakristo, watatupikia nguruwe, nitapata cha kukasirikia. Kumbe aliposikia kwa akina mama wa lori kwamba tunakuja alimwita jirani yake Mwislamu achinje kuku, na sufuria akaazima kwa huyo huyo jirani, akaniambia hayo kabla sijauliza. Tulikula ugali, kuku, na njegere zenye viazi. Nikashiba, nina hasira.

Tulipaswa kulinganisha jioni ileile. Umeme wa pale unatoka kwenye mtambo wa misheni, unazungushwa na maji ya mto, na mvua ilikuwa imeujaza mfereji matope. Bruda wa misheni akasema mpaka kesho. Basi tukakaa jikoni motoni. Rajabu na Felista wakaongea habari za besi: nyuzi za kuviringishwa na nyuzi laini, sumaku moja ya kunasa sauti na sumaku mbili, Benedikti alivyokuwa anaweka kipande cha sponji chini ya nyuzi ili sauti isitambae. Waliongea kama watu waliosoma darasa moja. Mimi nilimenya viazi ambavyo hakuna aliyeniomba nimenye.

Ukumbi wa misheni

Asubuhi mtambo ukazunguka. Kwaya ya vijana ina ampulifaya na spika moja kubwa ya mbao ukumbini, wakatuazima. Felista akalileta lake. Nalo ni la Japani, nalo limefuatishwa mtindo wa zamani, ila mtindo mwingine: mwili umepinda kidogo kama mtu aliyekaa upande, sumaku mbili, rangi ya kahawia inayoiva kuelekea katikati. Benedikti aliliagiza kwa baharia mara tu milango ya biashara ilipofunguliwa, akalipigia mwaka mmoja.

Kabla hajamkabidhi Rajabu, Felista akasimama mbele yetu wote wawili.

"Shemeji, niliseme mbele ya mkeo. Hili siuzi. Nimewakatalia wengi. Likishuka mjini, nashuka nalo, na mimi naimba. Nimeomboleza vya kutosha, na kabichi nimelima za kutosha. Kama hamtaki, chukueni la Dumila, hatutakosana."

Rajabu hakunitazama. Akapiga la Dumila. Akapiga la Mgeta. Akarudia. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. "Mkono unataka hili nene," akasema. "Sikio sijui."

"Mpigaji anasikia kwa vidole," Felista akasema. "Marehemu alikuwa hivyohivyo. Mwache mkeo asikilize. Yeye vidole vyake havimo."

Wakaniweka kwenye benchi, nimeelekea ukutani, mgongo kwao. Wakasema hawataniambia lipi ni lipi. Rajabu akapiga kipande kilekile, kile cha polepole anachokipiga dansi likianza, mara ya kwanza na gitaa moja, mara ya pili na lingine.

Sikuhitaji kuambiwa. La kwanza lilikuwa la Dumila. Sauti yake nene, nzuri, ya kukaa chini, kama mtu mzito anayetembea juu ya dari: unajua yupo, hujui anasema nini. La pili lilitamka. Kila noti ilikuwa na mwanzo na mwisho wake, nikasikia vitu ambavyo mume wangu amekuwa akivipiga miaka yote na sikuwahi kujua anavipiga. Kulikuwa na kidole kimoja kinateleza kidogo kabla ya kurudi nyumbani, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Ndivyo Rajabu alivyo. Nilikuwa sijamsikia hivyo hata siku moja.

Nikatazama ukuta. Ulikuwa umepakwa chokaa, na alama za mikono ya watoto. Nikisema la kwanza, tunashuka wawili, Felista anabaki na kabichi zake, na hakuna mtu duniani atakayejua. Nikisema la pili, mwanamke mwenye sauti ile atasimama karibu na mume wangu kila wiki, nami ndiye niliyemleta. Nikamfikiria yule jamaa wa Kihonda, amekaa karibu na spika, anamtazama Rajabu akipiga sauti nene isiyosema kitu. Nikafikiria pia kwamba nimeshamsikia mume wangu alivyo, na nikisema vingine nitakuwa namziba mdomo mimi mwenyewe.

"La pili," nikasema.

"Una hakika?" Rajabu akauliza.

"Nimesema la pili. Na kuanzia sasa dansi zote mimi nipo ukumbini, mbele."

Felista akasema, "Kiti chako nitakiwekea mimi mwenyewe." Alisema kwa wema, na wema wenyewe nikauonea wivu.

Kushuka

Tulishuka na lori lilelile, juu ya kabichi, watu watatu na magitaa mawili. Felista alikuwa na sanduku la bati na mto wake wa kulalia. Watu walitoka mashambani kumuaga, wengine wanalia. Nilimkalisha upande wangu, siyo katikati.

La Dumila tukalirudisha. Bwana Hamisi akamwona Felista, akamwona na mimi, safari hii hakuuliza nani ni nani. Felista amepata chumba Kihonda, kwa shangazi yake, mbali na kwetu Mafiga. Umbali huo niliuuliza mapema, mjue.

Dansi la kwanza lilikuwa Jumapili alasiri. Mimi nilikaa mbele, nimevaa gauni nililolishona kwa ajili ya siku hiyo, ninamchunga Felista. Nilitaka kuona atakaposimama. Hakusimama karibu na Rajabu. Alikwenda upande wa pili kabisa wa jukwaa, kwenye spika ya besi, akaweka kiganja kwenye ubao wake, akafumba macho, akaimba wimbo mzima mkono uko pale. Mume wangu hakumtazama hata mara moja, wala hakuhitajika. Nikaelewa Felista alimfuata nani kutoka milimani: marehemu Benedikti, si mume wangu.

Mngedhani nilifurahi. Nilifurahi kidogo. Kisha ukaja wivu mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Nikajiuliza mimi nikifa Rajabu ataweka mkono wake wapi.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza hivyohivyo, bila kuzunguka. Alitembea mpaka tukaipita shule, gitaa begani.

"Benchi lile ulilokaa," akasema, "ulikuwa umekunja mabega kama mtu anayesubiri kupigwa. Na bado ukasema la pili. Mimi nikipiga, nayaona hayo mabega yako."

Alinishika mkono barabarani, mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikamwachia anishike, ila nilikuwa bado nina wivu.